Siku ya Pai kwetu ni Julai 22, na chapati zinatosha

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua tuzungumze na walimu, wazazi na wanafunzi kuhusu sikukuu ndogo isiyo na mapumziko, isiyo na hotuba wala sare: Siku ya Pai. Wamarekani huiadhimisha Machi 14, kwa kuwa wao hutanguliza mwezi na kuandika 3/14, na pai, ile namba unayopata ukigawa urefu wa kuzunguka duara (mzingo) kwa upana wake unaopita katikati (kipenyo), huanza na 3.14. Aliyeianzisha ni Larry Shaw wa jumba la sayansi la Exploratorium, San Francisco, mwaka 1988. Yeye na wenzake walitembea kwa kuzunguka duara, kisha wakaketi kula pai za matunda, maana kwa Kiingereza jina la namba na jina la chakula hicho hutamkwa sawasawa. Mila yenyewe ni hiyo tu. Mwaka 2009 Baraza la Wawakilishi la Marekani likaitambua siku hiyo, na mwaka 2019 UNESCO ikaitangaza Machi 14 kuwa Siku ya Kimataifa ya Hisabati.

Machi 14 hatuna ugomvi nayo. Ila mtoto wa Tanga au Kisumu huandika tarehe hiyo 14/3, na 14 ukiigawa kwa 3 unapata 4.67, namba isiyohusiana na duara lolote. Anayetaka 3/14 kwa mtindo wetu wa kuandika tarehe itabidi asubiri mwezi wa kumi na nne. Wamarekani wengine huanza sherehe saa 1:59 mchana ili tarehe na saa zitimize 3.14159, kwetu hiyo ni saa saba na dakika 59, na mzaha unafia hapo hapo.

Julai 22 ni habari nyingine. Tunaiandika 22/7, na 22/7 ndiyo pai anayoijua kila aliyewahi kukaa darasani akisoma "tumia π = 22/7" chini ya swali la duara. Shule zinakuwa zimefunguliwa. Makunduchi, Zanzibar, nao wanakuwa katika pilikapilika za Mwaka Kogwa, sherehe yao ya mwaka mpya wa jadi, kwa hiyo wiki yenyewe tayari ina harufu ya sherehe. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalitarajii: tarehe yetu iko karibu zaidi na pai kuliko ya Wamarekani. Chukua kikokotoo. Pai inaanza 3.14159. Ishirini na mbili kwa saba ni 3.14286, umezidisha kwa 0.00126. Ukishika 3.14 umepunguza kwa 0.00159. Katika tangi la maji la lita 5,000, anayekokotoa kwa 22/7 anakosea lita 2 tu. Anayesema "pai ni tatu, yaishe" anapoteza lita 225, ambazo ni zaidi ya pipa zima.

Sasa onyo, kwani sherehe isiyo na onyo hili itawapotosha watoto. Pai si 22/7. Archimedes wa Syracuse, aliyefariki mwaka 212 kabla ya Kristo, alizunguka duara kwa maumbo ya pembe 96, moja ndani na moja nje, akaonyesha kwamba pai ni ndogo kuliko 3 na 1/7 na kubwa kuliko 3 na 10/71. Hakusema ni sawa na 3 na 1/7. Aliiweka kama dari, na pai inakaa chini ya dari hiyo. Mwaka 1761 Johann Lambert akathibitisha kwamba hakuna sehemu ya namba nzima, iwe ya namba kubwa kiasi gani, inayoweza kuwa pai. Wanafunzi wetu wengi humaliza shule bila kulijua hilo, na kosa si lao. Maswali ya mitihani yamejaa nusu kipenyo za sentimita 7, 14, 21 na 3.5 ili saba zikatane na jibu litoke zuri. Mtoto akiona zinakatana kila siku, ataachaje kuamini kwamba ndivyo maduara yalivyoumbwa? Kwa hiyo jambo la kwanza asubuhi ya Julai 22 liwe kuandika ubaoni π ≈ 22/7, kwa alama ya kukaribia, si ya kulingana.

Baada ya hapo, kazi ya kupima. Kila kundi la wanafunzi watano lipewe vitu vitano vya mviringo vya ukubwa tofauti: kizibo cha soda, kopo, sahani, kifuniko cha sufuria na gurudumu la baiskeli. Wapime mzingo, wapime kipenyo, wagawanye, waandike jibu kwa nafasi mbili za desimali. Majibu yatakuwa vurugu. Usishtuke, vurugu hiyo ndiyo nusu ya somo, mradi mwalimu ajue inatoka wapi.

Kizibo cha soda kina kipenyo cha kama sentimita 3. Rula ikikosea milimita 1 tu, jibu linaangukia 3.04 au linapanda 3.25, achilia mbali kwamba uzi unapita juu ya meno 21 na kuzama katikati yake. Uzi nao una hila. Kamba ya unene wa milimita 2 ukiizungusha kwenye kopo la sentimita 7, hupimi mzingo wa kopo. Unapima duara linalopita katikati ya unene wa kamba, lenye kipenyo cha sentimita 7.2, na jibu linakuwa 3.23. Uzi wa sufi hukosea upande wa pili: unauvuta ukiuzungusha, ukiulaza kwenye rula unarudi na kufupika. Dawa ni kuacha uzi kabisa. Kata ukanda wa karatasi wenye upana wa sentimita 1, uzungushe mpaka upandane, toboa kwa pini pale unapopandana, ufungue, kisha pima umbali kati ya matundu mawili.

Kifuniko cha sufuria kina mtego wake. Mtoto huzungusha karatasi kwa nje, halafu hupima kipenyo kwa ndani, kutoka ukingo hadi ukingo. Kama kifuniko kina sentimita 24 kwa nje na ukingo una milimita 3 kila upande, atagawa 75.4 kwa 23.4 na kupata 3.22. Kote kuwili iwe nje. Kipenyo chenyewe hakikadiriwi kwa macho: bana sifuri ya rula ukingoni, zungusha ncha ya pili polepole kushoto na kulia, uchukue kipimo kikubwa kuliko vyote. Anayekosa katikati anapata mstari mfupi, na pai yake inavimba. Tazama pia rula zenyewe, maana nyingi sifuri yake haiko mwisho wa ubao, imeingia milimita kadhaa ndani. Ungo tunauacha kwa makusudi. Ungo mzuri unapepeta vizuri, lakini si duara kamili. Atakayeupima apime kipenyo kwa pande tatu achukue wastani.

Gurudumu la baiskeli ndilo mfalme wa siku. Tairi la inchi 28 lina kipenyo cha kama sentimita 71, kwa hiyo kosa la milimita 1 halionekani. Tia alama ya chaki kwenye tairi pale lilipogusa sakafu, sukuma baiskeli kwa mstari ulionyooka mpaka alama irudi chini mara 10, pima umbali kwa futi kamba, gawa kwa 10. Mizunguko kumi inafika mita 22.3 hivi, basi tafuteni ukumbi au uwanja wa saruji. Kwenye mchanga gurudumu huteleza. Mtu asiipande. Uzito wake unabonyeza tairi, gurudumu linabingirika kama dogo kuliko lilivyo, na mzingo unapungua. Kwa kipenyo, laza ubao ulionyooka juu ya tairi sambamba na sakafu, upime kimo kutoka sakafuni hadi chini ya ubao. Kupima kwa kupitisha rula kwenye spoku ni kujitafutia taabu, ekseli itakuzuia katikati.

Mwisho wa upimaji tunashauri msichukue wastani wa majibu. Kizibo kilichokosewa kitavuruga kazi nzuri ya gurudumu. Chora grafu kwenye karatasi ya manila, kipenyo kwa mlalo na mzingo kwa wima, kila kundi lichome nukta zake. Nukta zitajipanga kwenye mstari mmoja unaopita kwenye sifuri, na mwinuko wa mstari huo, yaani wima ukiigawa kwa mlalo, ndio pai. Nukta itakayokaa juu ya mstari peke yake itajitaja yenyewe: huyo ndiye aliyepima kifuniko kwa ndani.

Chakula. Pai ya matunda si chakula chetu na tanuri shuleni hakuna, lakini chapati ni duara kamili kuliko pai nyingi. Hesabu yake imekaa vizuri mno. Kilo 1 ya unga wa ngano, maji ya uvuguvugu mililita 600, mafuta vijiko 4 vya chakula na chumvi kijiko 1 na nusu cha chai hutoa donge la gramu 1,650 na kidogo. Ligawe kwa gramu 75 na utapata matonge 22. Chapati 22, watoto 7. Kila mtoto anapewa 3, inabaki 1, na hiyo moja inakatwa vipande 7. Tatu na moja ya saba, ndiyo 22/7 iliyowekwa kwenye sinia. Hakuna maelezo ya ubaoni yatakayoshinda hayo.

Kila tonge lisukumwe mpaka kipenyo cha sentimita 20. Kipimo hicho si cha bahati nasibu: duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 10 lina eneo la sentimita za mraba 314, kwa hiyo chapati yenyewe imebeba pai. Kata duara la sentimita 20 kwenye manila liwe kipimo cha kulinganishia. Chapati inayokataa kufika 20 na kurudi nyuma kila ukiisukuma haijapumzika. Donge liachwe nusu saa likiwa limefunikwa, na ukishalikunja kama konokono liache tena dakika 10. Chapati yenye pembe kama ramani ya nchi ina sababu mbili. Ama msukumaji anasukuma upande mmoja bila kuizungusha, na dawa ni kuigeuza robo mzunguko kila baada ya misukumo miwili, ama mkia wa konokono umeachwa nje badala ya kufichwa chini ya tonge.

Kuikata ile ya mwisho vipande saba sawa ndiyo fumbo la siku. Nane ni rahisi, unakata nusu, nusu, nusu. Sita unapiga kwa bikari. Saba haikubali bikari na rula hata ufanyeje, lakini kuna njia inayokaribia sana: pima sentimita 8.7 kwa rula, na kwenye ukingo wa chapati ya sentimita 20 tia alama, ruka 8.7, tia alama, mpaka urudi ulikoanzia. Ukifika mara ya saba utakuwa umepita alama ya kwanza kwa chini kidogo ya milimita mbili, na hakuna mtoto atakayelalamikia chapati kwa kiasi hicho.

Kama chapati zimebaki, au tuseme kabla hazijaliwa, moja ikatwe vipande 16 kutoka katikati kwenda ukingoni, vipangwe kichwa juu kichwa chini kama meno ya msumeno yanayokutana. Vitatengeneza umbo la karibu mstatili, kimo sentimita 10 na urefu kama 31. Hapo kanuni ya eneo la duara inaonekana kwa macho: nusu ya mzingo mara nusu kipenyo. Chapati iwe imepoa, ya moto huchanika. Vipande 8 havitoshi, juu panabaki mawimbi na watoto hawasadiki.

Njiti za kiberiti ni kwa madarasa ya juu. Hesabu hii ni ya Mfaransa Buffon, ya mwaka 1777. Ondoa vichwa vya njiti, zikate zilingane, chora kwenye manila mistari sambamba iliyoachana kwa urefu ule ule wa njiti moja. Tandika kanga chini ya karatasi ili njiti zisidunde. Rusha moja moja kutoka kimo cha sentimita 30, hesabu zinazokatiza mstari. Idadi ya mirusho mara mbili, ukiigawa kwa idadi ya zilizokatiza, inakupa pai. Katika mirusho 200 tegemea 127 hivi. Kundi likipata 120 jibu lake ni 3.33, likipata 134 ni 2.99, na yote mawili ni halali; bahati ndivyo ilivyo. Makundi kumi yakijumlisha mirusho yao 2,000, jibu kwa kawaida huanguka kati ya 3.1 na 3.2. Njiti nene inayogusa mstari kwa ubavu tu isihesabiwe: tazama mstari wa katikati ya njiti, vinginevyo zinazokatiza zinaongezeka na pai inashuka. Jihadharini na kundi litakaloleta 3.1416. Mwaka 1901 Mwitaliano Mario Lazzarini alidai kwamba kwa mirusho 3,408 amepata 355/113, sehemu ambayo ni sahihi mpaka nafasi ya sita ya desimali, na wanahisabati hadi leo wanamshuku kwamba alisimama pale pale namba ilipompendeza. Idadi ya mirusho ipangwe kabla ya kuanza.

Kuna pia shindano la kukariri, ambalo halihitaji kifaa. Rekodi inayotambuliwa na Guinness ni ya Mhindi Rajveer Meena, tarakimu 70,000, mwaka 2015, akiwa amefungwa macho. Sisi tuanze na kumi. Wazungu hutunga sentensi ambazo idadi ya herufi za kila neno ni tarakimu ya pai. Kiswahili kina shida mbili hapo: maneno ya herufi moja ni haba, na sifuri haina neno. Sifuri si tatizo kwa wanaoanza, kwani ya kwanza iko nafasi ya 32 ya desimali. Kwa herufi moja tunayo u ya "u hali gani". Basi: "Mbu, u nani? U mdudu mnyonyaji wa watoto usiku huu mzima." Hesabu herufi: 3, 1, 4, 1, 5, 9, 2, 6, 5, 3, 5. Tunawaomba washairi walete iliyo nzuri zaidi.

Ombi letu kwako, Mhariri, ni dogo. Julai 22 chapisha kwenye kona yoyote tarakimu 100 za kwanza za pai baada ya nukta, watoto wakate karatasi wabandike ukutani. Tunaziambatisha hapa:

1415926535
8979323846
2643383279
5028841971
6939937510
5820974944
5923078164
0628620899
8628034825
3421170679

Tunasisitiza zikaguliwe. Mwingereza William Shanks alitoa tarakimu 707 mwaka 1873 baada ya miaka mingi ya kukokotoa kwa mkono. Mwaka 1937 zikaandikwa kwenye chumba cha duara cha jumba la sayansi la Palais de la Découverte, Paris. Katika miaka ya 1940 D. F. Ferguson akagundua kwamba kuanzia ya 528 zote zilikuwa makosa, ikabidi Paris wasahihishe mwaka 1949. Gazeti halina nafasi ya kupakwa rangi upya. Kwa mpangaji wa kurasa, jumla ya kila mstari kutoka juu ni 41, 59, 47, 45, 52, 52, 45, 50, 46 na 40, na jumla kuu ni 477. Jumla hainasi tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi kwenye mstari mmoja, kwa hiyo mmoja asome kwa sauti na mwenzake afuate kwa kidole.

Ni sisi,
Walimu wa hisabati, Tanga